Maswali ya Wasomaji: Ada ya Udhibiti Katika Masoko ya Opsheni

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi maana ya opsheni: mkataba unaompa mnunuzi haki, wala si wajibu, ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyokubaliwa kabla ya siku fulani kupita. Tulidhani wasomaji wangetuandikia kuhusu faida na hasara. Badala yake, barua nyingi zilizotufikia ofisini hapa Nairobi zilihusu senti chache zinazokatwa kila mara mkataba unapobadilisha mikono. Tumechagua barua tano na kuzifupisha.

*Ndugu Mhariri, mimi ni mhasibu katika kampuni moja ya Industrial Area, na kwa muda wa mwaka mmoja nimekuwa nikinunua opsheni za hisa za Marekani kupitia dalali wa mtandaoni. Katika taarifa ya akaunti yangu kuna mstari wa ada ya udhibiti wa opsheni. Nilipouliza, niliambiwa kwamba hiyo ni ada ya serikali. Nilipotaka kujua ni ofisi gani ya serikali, sikujibiwa tena. Naomba mnieleze ada hii hupangwa na nani, na hutoka mfukoni mwangu ikaenda wapi. — Msomaji, South B*

Ndugu msomaji, aliyekujibu alikosea, ingawa kosa lenyewe limezoeleka mno. Ada unayoiuliza, ambayo huandikwa kwa herufi ORF, haiingii katika hazina ya serikali yoyote. Ni ada ya masoko ya opsheni yenyewe, na kila soko hujipangia kiwango chake.

Jambo hili halieleweki bila kugusia desturi moja ya Marekani inayoweza kumshangaza msomaji wa hapa. Sheria ya mwaka 1934 inayotawala masoko ya hisa nchini humo haikuiachia serikali peke yake kazi ya ulinzi, bali ililibebesha kila soko jukumu la kuwasimamia wanachama wake, kuichunguza miamala yao na kuwaadhibu wanapovunja kanuni. Serikali, kupitia Tume ya Hisa na Dhamana ijulikanayo kama SEC, humsimamia msimamizi huyo. Kazi hiyo si ya bure. Inahitaji watu na mitambo ya kutambua, kwa mfano, mtu aliyenunua opsheni kwa wingi siku mbili kabla ya kampuni kutangaza kwamba inauzwa. Inahitaji wakaguzi, mawakili na wasikilizaji wa malalamiko. Na sehemu yake masoko huikabidhi kwa FINRA, chombo kinachowasimamia madalali, ambacho nacho hulipwa kwa kazi hiyo.

Soko la kwanza kutoza ada hii lilikuwa Chicago Board Options Exchange, lile lililofunguliwa Aprili 26, 1973 likiwa na opsheni za hisa za kampuni 16 tu. Lilianza kuitoza Januari 2009. Kabla ya hapo gharama za usimamizi zilifidiwa kwa kuhesabu vichwa, yaani kampuni ya udalali ililipa kulingana na idadi ya mawakala wake waliosajiliwa. Utaratibu huo ulifaa katika zama ambazo kila oda ilipitia kwa wakala mwenye simu sikioni. Intaneti ilipoenea, kampuni yenye mawakala wachache na kompyuta nyingi iliweza kupeleka sokoni mikataba isiyohesabika huku ikilipa kidogo, ilhali kampuni ya kizamani yenye ofisi katika kila mji ililipa zaidi kwa biashara iliyokuwa ndogo kuliko hiyo. Ni kama kuzitoza matatu ushuru kwa idadi ya makanga badala ya abiria: gari ambalo abiria wake hulipa kwa simu na halina kanga lingepita bure. Ndiyo maana hesabu ikahamishwa kutoka kwa watu hadi kwa mikataba.

Sasa tuangalie jinsi kiwango kinavyopatikana. Soko hukadiria gharama zake za usimamizi za kipindi kijacho, likijumlisha zile za moja kwa moja, kama mishahara ya wachunguzi na malipo ya FINRA, pamoja na sehemu ya gharama za pamoja kama vile kodi ya ofisi, uhasibu na mitambo. Kutoka hapo huondoa fedha nyingine zinazotokana na usimamizi, zikiwemo faini walizotozwa wanachama. Kinachobaki hugawanywa kwa idadi ya mikataba ya wateja inayotarajiwa. Tutoe mfano wa kubuni: gharama zikiwa dola milioni 12, na faini pamoja na ada nyingine zikaleta dola milioni 2, pengo ni dola milioni 10. Kwa kuwa masoko hujifunga kutokusanya zaidi ya gharama, soko letu litalenga dola milioni 9 hivi, lisije likavuka mpaka. Mikataba inayotarajiwa ikiwa bilioni 5, kila mmoja utatozwa dola 0.0018, ambayo haifiki hata moja ya tano ya senti moja ya dola.

Kama mhasibu utaona mara moja udhaifu wa hesabu hiyo: pande zake zote mbili ni makadirio. Gharama hukadirika kwa urahisi, lakini wingi wa biashara hautabiriki. Mikataba iliyopitia shirika la OCC, ambalo tutalieleza punde, ilizidi bilioni 7 mwaka 2020, na kufikia mwaka 2024 ilikuwa imezidi bilioni 12. Soko lililopanga kiwango chake kabla ya ongezeko kama hilo hujikuta limekusanya zaidi ya lilivyotaraji, na hapo halina budi kupunguza kiwango. Yapo masoko ambayo yamewahi kuisimamisha ada hiyo kabisa kwa miezi kadhaa ili mapato yasipite gharama za mwaka.

Kiwango kipya hakihitaji kusubiri kibali. Soko huwasilisha waraka kwa SEC, na kwa mujibu wa sheria badiliko la ada huanza kufanya kazi mara tu waraka unapowasilishwa. Tume ina siku 60 za kulisitisha ikiona lina kasoro, na umma unaweza kuandika maoni. Wanachama kwa kawaida hupewa taarifa siku 30 kabla ya kiwango kubadilika, kwa sababu mitambo ya kukokotoa makato ya mamilioni ya wateja haibadilishwi kwa usiku mmoja. Kipimo cha kisheria ni kwamba ada iwe ya kadiri na igawanywe kwa usawa miongoni mwa wanaolitumia soko. Maneno hayo ni mepesi kuyatamka, na barua inayofuata itaonyesha jinsi yanavyobishaniwa.

Kuhusu ukusanyaji, kiini ni OCC, shirika la Chicago lililoanzishwa mwaka 1973 ambalo husimama kati ya mnunuzi na muuzaji wa kila opsheni iliyoorodheshwa nchini Marekani, likimhakikishia kila mmoja kwamba mwenzake atatimiza ahadi. Mkataba ukishafanyika katika soko lolote, hufikishwa OCC ukiwa na herufi inayoonyesha ni wa nani: C kwa mteja, F kwa kampuni inayojifanyia biashara yenyewe, na M kwa wale wafanyabiashara wakubwa ambao kazi yao ni kutangaza bei za kununua na kuuza siku nzima. Katika utaratibu uliozoeleka, ni mikataba yenye herufi C tu inayohesabiwa kwa ajili ya ORF. Kila mwezi OCC huhesabu mikataba hiyo, huzidisha kwa kiwango cha kila soko, na kuchukua fedha katika akaunti za kampuni ambazo ni wanachama wake, kisha hulipatia kila soko haki yake. Iwapo oda ilitekelezwa na kampuni moja lakini mkataba ukahamishiwa nyingine kwa makubaliano, anayetozwa kwa kawaida ni yule ambaye mkataba ulitua kwake mwishoni.

Kutoka hapo njia ni fupi: kampuni hiyo humdai dalali wako, naye dalali hukudai wewe. Hapa kuna jambo ambalo ningependa ulishike, kwa maana madalali hawalisemi. Soko halikudai wewe kitu chochote. Linamdai mwanachama wake. Dalali angeweza kuibeba ada hiyo ndani ya kamisheni yake usiione kabisa, na wapo wanaofanya hivyo. Anapoiweka katika mstari wake peke yake na kuiita ya serikali, amefanya uamuzi wa kibiashara na kuuvika kofia ya askari. Aidha, madalali wengi hujumlisha ada za masoko yote kuwa tarakimu moja, na tarakimu hiyo huenda isilingane na jumla halisi hadi senti ya mwisho. Mwombe dalali wako akuonyeshe viwango anavyovitumia. Viwango vya masoko yenyewe huchapishwa hadharani.

*Mhariri mpendwa, nasoma shahada ya uchumi na ninaishi Kasarani. Mhadhiri wetu alitwambia kwamba soko la opsheni la Marekani linaweza kukutoza ada ya udhibiti hata kama mkataba wako ulifanyika katika soko lingine kabisa. Darasa zima lilicheka. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, ni haki? — Msomaji, Kasarani*

Ni kweli, na mhadhiri wenu anastahili radhi. Hadi mwaka 2024 Marekani ilikuwa na masoko 18 ya opsheni, mengi yakimilikiwa na makundi machache: Nasdaq lina sita, Cboe lina manne, MIAX lina manne, na NYSE lina mawili. Chini ya utaratibu ulioanza mwaka 2009, kila soko lililotoza ORF liliitoza mikataba yote ya wateja ambayo mwanachama wake alihusika nayo, iwe ilifanyika hapo au kwingine. Mkataba wako mmoja, uliofanyika mahali pamoja kwa nukta moja ya wakati, uliweza kudaiwa na masoko zaidi ya kumi.

Ukitaka kuwaeleza wenzako, waambie wafikirie kwamba umenunua koti katika soko la Toi, kisha jioni msimamizi wa Gikomba akakudai shilingi moja kwa sababu aliyekuuzia ana kibanda Gikomba pia. Baada yake anakuja msimamizi wa Marikiti na hoja hiyo hiyo. Ukiuliza wamekufanyia nini, watakwambia kwamba wote wanamlinda mnunuzi dhidi ya muuzaji huyo, popote anapotandaza mitumba yake.

Jibu hilo si la kipuuzi kama linavyosikika, na ni vyema tulipe nafasi yake. Mtu anayetaka kuchezea bei hatafanya kazi yote katika soko moja. Atanunua hapa, atauza pale, na hisa zenyewe atazishughulikia katika soko la tatu. Anayeangalia chumba kimoja hataona kitu. Kwa hiyo masoko hupeana taarifa, na tangu mwaka 2006 yamekuwa na mpango wa pamoja, ulioidhinishwa na SEC, wa kuwasaka wanaofanya biashara ya opsheni kwa habari za siri. Vilevile soko humkagua mwanachama wake mzima mzima: namna anavyowashauri wateja, anavyotunza kumbukumbu, anavyofungua akaunti. Ukaguzi huo hauwezi kugawanywa kulingana na mahali kila oda ilipotua. Kisha kuna hoja ya tatu, ambayo ni ya ujanja wa biashara: lau ada ingefuata mahali pa muamala tu, oda zingekimbilia soko lisiloitoza, na anayesimamia kwa uangalifu angeadhibiwa kwa uangalifu wake.

Wanaopinga nao wana hoja, na kwa maoni yetu moja kati ya hoja zao haijawahi kujibiwa ipasavyo. Chini ya utaratibu huo, soko jipya lililofunguliwa juzi, likiwa na sehemu ndogo sana ya biashara yote nchini, lina haki ya kutoza mikataba yote ya wanachama wake popote inapofanyika. Mapato yake ya ada hayategemei kama kuna mteja hata mmoja aliyelichagua. Kadiri kundi moja linavyofungua masoko mengi, ndivyo milango ya kukusanyia inavyoongezeka, ilhali wachunguzi na mitambo mara nyingi ni ya pamoja. Ni kweli kwamba kila soko limejifunga kutovuka gharama zake. Lakini gharama zenyewe hukadiriwa na soko hilo hilo, na mteja hana njia ya kuikwepa ada kwa kuchagua soko nafuu, kwa kuwa atatozwa na yale ambayo hakuyachagua.

Swali la pili la haki linahusu herufi C tuliyoitaja. Masoko yamekuwa yakieleza kwamba kuwasimamia wateja wa kawaida kunagharimu zaidi: ndiko kwenye malalamiko, ushauri mbaya, na akaunti za watu wasioelewa wanachokinunua. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake. Hata hivyo, uchunguzi wa udanganyifu mkubwa haufanywi kwa ajili ya mteja mdogo peke yake, na kampuni kubwa inayojifanyia biashara inanufaika na soko safi sawasawa na mhasibu wa South B. Anayebebeshwa mzigo wote ni yule asiye na mwakilishi katika kikao cha kuupanga.

Malalamiko hayo hayakuishia hewani. Kuanzia mwaka 2024 masoko kadhaa, yakiwemo ya Nasdaq na ya Cboe, yaliwasilisha mapendekezo ya kuacha utaratibu wa zamani na kutoza miamala inayofanyika kwao tu, na mengine yalipendekeza kuzihusisha pia kampuni zenye herufi F kwa kiwango chao tofauti. Hesabu yake ni rahisi kuitabiri: idadi ya mikataba inayogawanya gharama ikipungua, kiwango kwa kila mkataba hupanda. Mteja ataona tarakimu kubwa zaidi kutoka soko moja badala ya punje nyingi kutoka kila upande. Asishtuke kabla ya kujumlisha. Ugumu ni kwamba soko moja haliwezi kubadilika peke yake huku mengine yakiendelea kama zamani, kwani mkataba huo huo ungelipa kiwango kipya kikubwa pale ulipofanyika na kiwango cha zamani kwingineko kote.

*Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu. Niliponunua mikataba 10 nilikatwa ada moja. Nilipoiuza nilikatwa tatu. Kuna mara nyingine niliacha mikataba ikafa yenyewe na sikukatwa kitu. Nisaidie kuelewa. — Msomaji, Kilimani*

Mwalimu, ada ni tatu tofauti zenye wenyewe watatu, na kwa bahati mbaya madalali huziweka chini ya kichwa kimoja. ORF ni ya masoko, nayo hutozwa unaponunua na unapouza. Ya pili ni ya FINRA, na hutozwa kwenye mauzo tu. Mwaka 2024 ilikuwa dola 0.00279 kwa kila mkataba wa opsheni uliouzwa. Ya tatu ndiyo hasa ya serikali, na hutokana na kifungu cha 31 cha ile sheria ya 1934. Hii huhesabiwa kwa thamani ya mauzo, wala si kwa idadi ya mikataba, na masoko huilipa kwa SEC mara mbili kwa mwaka, Machi 15 na Septemba 25. Lengo lake ni kurudisha fedha ambazo Bunge la Marekani huipatia Tume, hivyo kiwango chake hupanda na kushuka kwa namna ya kushangaza: Mei 22, 2024 kilipandishwa kutoka dola 8 hadi dola 27.80 kwa kila dola milioni moja za mauzo, na Mei 14, 2025 kikashushwa hadi sufuri, kwa kuwa fedha zilizohitajika kwa mwaka huo wa serikali zilikuwa zimekwisha kukusanywa.

Tupige hesabu yako kwa viwango vya katikati ya mwaka 2024. Mkataba mmoja ni wa hisa 100, kwa hiyo opsheni yenye bei ya dola 2.50 huuzwa kwa dola 250, na mikataba 10 kwa dola 2,500. Ada ya kifungu cha 31 ni kama senti 7. Ada ya FINRA ni karibu senti 3. ORF, tukichukua kwa mfano tu kwamba jumla ya masoko yote ni dola 0.02 kwa mkataba, ni senti 20 uliponunua na senti 20 nyingine ulipouza. Unaona kwamba ile iliyo ya serikali kweli kweli si kubwa zaidi.

Mikataba iliyokufa haikuuzwa. Hapakuwa na muamala, basi hapakuwa na cha kutozwa. ORF yake ulikwisha kuilipa siku ya kununua. Na kama uliwahi kuuza opsheni za fahirisi pana, yaani kipimo cha bei za hisa za kampuni nyingi kwa pamoja, kama S&P 500 ukakosa kuona ada ya kifungu cha 31, si kosa la dalali, kwa kuwa sheria imezisamehe.

Kuna jambo moja ambalo barua yako haikuuliza lakini linamhusu kila mwenye mtaji mdogo. ORF ni sawa kwa kila mkataba, uwe ghali au rahisi. Kwa mfano wetu wa dola 0.02, mkataba wa dola 2,000 hulipa sehemu moja kwa laki, yaani asilimia 0.001. Mkataba wa dola 5, wa aina ile inayowavutia wanaoanza kwa sababu "ni bei ya chai", hulipa asilimia 0.4 kununua na kiasi hicho hicho cha senti kuuza, mbali na kamisheni. Anayenunua mikataba ya bei rahisi kwa mamia ndiye anayepaswa kuutazama mstari huu kwa makini.

*Bwana Mhariri, je, hapa kwetu katika soko la hisa tuna ada ya namna hiyo? — Msomaji, Buruburu*

Tuna ada ya usimamizi, lakini si ya namna hiyo. Soko la Hisa la Nairobi, lililoanzishwa mwaka 1954, lilifungua tawi lake la NEXT Julai 2019, nalo lilianza na mikataba ya kununua au kuuza kwa tarehe ya baadaye, inayofuata fahirisi ya NSE 25 au hisa za kampuni moja moja kama Safaricom na KCB. Hiyo ni tofauti na opsheni, kwa sababu pande zote mbili zina wajibu wa kutimiza.

Ukiitazama karatasi ya dalali wako wa hapa utaona mgao wa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, iliyoundwa mwaka 1989, umetenganishwa na mgao wa soko lenyewe. Yote miwili ni asilimia ndogo ya thamani ya muamala, na hutozwa mnunuzi na muuzaji. Kiwango cha Mamlaka hakipangwi na soko, bali huwekwa kwa kanuni zinazochapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Kwa hiyo hapa Kenya anayekwambia kwamba ada ya msimamizi ni ya serikali hatakuwa mbali na ukweli, na pengine ndiko yule aliyemjibu msomaji wetu wa South B alikopata dhana yake.

Kufanana kupo katika jambo moja. Soko la Nairobi liliuza hisa zake kwa umma mwaka 2014, kama ilivyofanya kampuni mama ya soko la Chicago mwaka 2010. Soko ambalo lina wenyehisa wanaongojea gawio, na papo hapo lina faini na ada za usimamizi mkononi, lazima litenganishe mifuko hiyo miwili. Ndiyo sababu masoko ya Marekani hujifunga kwamba fedha za ORF hazitatumika kwa shughuli nyingine za biashara.

*Mhariri, kampuni moja ya mtandaoni ambayo nimekuwa nikiweka fedha kwake inanitaka nilipe "ada ya udhibiti ya opsheni" ya asilimia 3 ya salio langu kabla ya kuruhusiwa kutoa pesa. Wanataka niitume kwa nambari ya simu. Nilipe? — Msomaji, Kayole*

Usilipe. Ada ya udhibiti ya opsheni haihesabiwi kwa salio, haitozwi wakati wa kutoa fedha, na haitumwi na mteja kwa mtu yeyote. Hukatwa ndani ya akaunti siku ya muamala, na ni senti chache tu kwa kila mkataba. Usiweke fedha zaidi. Hifadhi ujumbe wote uliotumiwa pamoja na nambari hiyo, angalia katika orodha ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kama kampuni hiyo imesajiliwa, kisha upeleke malalamiko yako kwa Mamlaka na kwa polisi kabla nambari hiyo haijazimwa.